Mama Opereta na Waya wa Kusini

Kama uliwahi kupiga simu ya mbali kutoka Sumbawanga miaka ile ya vijiji vya ujamaa, basi Mama Opereta alikukatia. Usibishe. Alimkatia kila mtu. Alimkatia padri akiwa bado kwenye salamu, alimkatia baba yangu akijaribu kukumbuka aina ya vitenge alivyotaka kuagiza Mbeya, na alimkatia bwana mmoja wa wilayani aliyejiona hakatiki. Mji mzima ulimlalamikia. Mimi nilikaa naye meza moja kwa miaka, kiwiko kwa kiwiko, na hadi leo nikimkumbuka naanza kwa kucheka, halafu kicheko hakifiki mbali.

Ukoo wake siujui vizuri na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Alikuwa Mfipa, Mkatoliki, mwanamke wa jembe aliyeingia ofisini akiwa tayari mtu mzima na mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Jina lake la ubatizo lilitumika siku ya mshahara peke yake. Siku nyingine zote alikuwa Mama Opereta, hata kanisani, na nadhani hata padri alipomkomunisha alimwita hivyo moyoni.

Lazima nieleze kazi yetu, maana bila kazi yake huwezi kumwelewa. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ofisi ya barua. Ubao wa simu ulisimama ukutani, umejaa matundu, na sisi wawili tulikaa mbele yake na kamba zenye ncha za shaba. Simu za mjini hazikutusumbua. Shida ilikuwa zile za mbali, kwa sababu tulikuwa na nyaya mbili tu: mmoja wa kusini, wa Mbeya, na kupitia Mbeya nchi nzima, mwingine wa kaskazini, wa kituo kidogo cha mwisho. Kila waya ulichukua maongezi ya watu wawili, si zaidi. Mtu wa kaskazini akitaka kuongea na Mbeya, ilibidi apate nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, nasi tumuunge katikati. Mama Opereta alikaa upande wa kusini, mimi upande wa kaskazini.

Wiki yangu ya kwanza tulikwama. Nilikuwa nimeshika waya wa kaskazini, nina mteja anayetaka Mbeya. Yeye alikuwa ameshika wa kusini, ana mteja anayetaka kaskazini. Mimi nikamngoja amalize na wa kusini. Yeye, kumbe, ananingoja mimi na wa kaskazini. Tulikaa hivyo, kila mtu na kamba yake mkononi, nyaya zote mbili zimeshikwa na hakuna hata mtu mmoja anayeongea. Nami niliona haya kumuuliza mtu mzima.

Alipogundua aliangua kicheko mpaka akavua kile chombo cha kusikilizia. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, kwenu mnatwanga?"

"Tunatwanga, mama. Siku hizi tunapeleka mashineni, lakini kinu kipo."

"Basi nyumba mbili, kinu kimoja na mchi mmoja. Wewe umeshachukua kinu, unangoja mchi. Mimi nimeshachukua mchi, nangoja kinu. Watoto watakula nini?"

Kutoka siku ile sheria ikawa moja. Wa kusini unashikwa kwanza, wa kaskazini baadaye, hata kama mwenye shida yuko kaskazini. Mtu wa kaskazini akiita, anasema anachotaka, halafu anaachia na kungoja tumwite. Ukishashika wa kusini ukakuta wa kaskazini una mtu, humngojei umeshika; unaachia, wengine wapite, unajaribu tena baadaye. Alikifundisha kituo cha kaskazini, akawafundisha na wa Mbeya, na wale wa Mbeya walimcheka kwanza, kisha wakafuata. Neno lake lilikuwa lile lile kutwa: achia. "Achia laini, ndugu." Alilitamka kwa lafudhi ya kwao, silabi ya kwanza nzito na ya mwisho imekatwa.

Sheria hiyo aliitembeza mpaka barabarani. Wakati sukari ilipoadimika, foleni za duka la ushirika zikawa mbili, ya sukari na ya mafuta ya taa. Nilimwona siku moja akimvaa kijana wa mtaa wetu wa Mazwi aliyekuwa ameweka kikapu chake kwenye foleni moja na mwili wake kwenye nyingine.

"Umeshika foleni mbili na hujanunua hata kimoja," alimwambia. "Achia moja upate nyingine."

"Mama, nikiachia sitaipata tena."

"Ndivyo kila mtu anavyosema. Ndiyo maana hatuendi."

Watu walicheka, kijana akatoa kikapu chake huku amenuna. Mama Opereta mwenyewe alirudi nyumbani bila sukari siku ile, kwa sababu alipoteza nafasi yake akimsema mwenzake. Hilo hakulitaja kesho yake. Alikunywa uji bila sukari na kunikata jicho nilipotabasamu.

Yule bwana wa wilayani ndiye aliyemponza. Alikuwa na tabia ya kuomba Mbeya, akishapata anasema, "Ngoja kidogo," kisha anamtuma karani akamtafutie jalada. Waya wa kusini unakaa kimya, watu wamejaa benchi nje, na yeye anasikika akikohoa. Mama Opereta alimvumilia mara chache, halafu akamkatia. Bwana akaja kwa miguu, amefura.

"Unajua mimi ni nani?"

"Shikamoo, ndugu. Nakujua. Laini haijui."

Kama ungekuwa mchezo wa kuigiza, tungepiga makofi na bwana angeondoka kichwa chini. Haikuwa hivyo. Mama Opereta alihamishiwa dirisha la stempu mpaka masika yakaisha. Hakulalamika. Aliuza stempu, akapokea matusi ya watu waliochoka kungoja, na alipokuja chumbani kwetu kuchemsha chai hakuugusa ubao hata kwa kidole. Aliporudishwa, simu yake ya kwanza ilikuwa ya bwana yule yule. Alimuunga vizuri, kwa sauti ya upole. Jalada lilipotafutwa, akamkatia tena.

Alikuwa na mambo yasiyoendana, tena mengi. Huyu mtu aliyeishi kwa simu, akipigiwa yeye alipiga kelele kama anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na hakuamini kwamba anasikika. Alipika pombe ya ulezi iliyosifiwa mpaka Milepa, kule bondeni, na hakuionja. Kazini alikuwa mkavu, lakini ukimpeleka nje ya mlango wa posta alikuwa mpiga soga hodari, na njia ya kutoka kazini kwenda Mazwi, ambayo mtu mwenye haraka angeimaliza kabla chai haijapoa, sisi ilituchukua jioni nzima. Nyumbani kwetu, kwa Waislamu wa dukani, aliingia bila hodi siku za Idi, akala pilau na kumuuliza mama yangu kwa nini chumvi imekuwa chache.

Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha, na hiyo hakujifunza kwa kukwama. Opereta habebi ujumbe. Watu walikuwa wakikosa wanayemtaka, wanasema, "Basi opereta, akija mwambie mama amefariki," au "Mwambie nakubali." Yeye alikataa. Alisema maneno ya mtu yakipita kinywani mwa mwingine yanatoka yamebadilika, na mwenyewe hayupo kuyarudisha. "Mimi naunga," alikuwa akisema. "Utamwambia mwenyewe." Alikataa hata kwa watu waliokuwa wanalia. Mara nyingine nilimwona mkatili, na nikamwambia hivyo. Alinijibu kwamba kubeba neno la mtu ni rahisi, ila hujui utalitua wapi.

Mwanawe alikuwa askari, kambi zake zote za kusini. Alioa mwalimu kutoka upande wa kaskazini, binti mpole mwenye sauti ya kuimba, na hawakuwahi kukaa pamoja kwa muda wa maana; yeye kambini, mke kwenye shule yake karibu na kile kituo kidogo cha mwisho cha waya wetu. Mama Opereta aliwapenda wote wawili na kuwatania bila huruma. Alisema wamefunga ndoa ya posta.

Vita vya Kagera vilipoanza, simu zikaongezeka na watu wakapungua maneno. Nakumbuka ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua lipo na upepo unapiga bati. Mbeya wakaita. Mama Opereta akapachika kamba, akasikiliza, na nikaona mgongo wake umenyooka. Swichi yangu ya kusikilizia waya wa kusini ilikuwa wazi, kwa hiyo niliisikia sauti mwenyewe. Alikuwa mwanawe. Walikuwa wanapita Mbeya kwa treni, kikosi kizima, wanakwenda mbele, na mtu wa stesheni amemruhusu kutumia simu kabla treni haijaondoka.

"Shikamoo, mama. Niunganishe na mwenzangu. Upesi, mama."

"Marahaba. Ngoja nimtafute."

Akaniashiria. Niliingia waya wa kaskazini, nikamkuta opereta wa kule, kijana mgeni kazini, tayari yuko hewani anahema. Nilimwambia atume mtu akamwite mwalimu, mumewe yuko Mbeya. Akasema sawa, anatuma, lakini na yeye ana shida: mganga wa zahanati amesimama hapo, kuna mama anatoka damu baada ya kujifungua, anataka kuongea na daktari wa Mbeya amwelekeze la kufanya, na anataka sasa hivi.

Nikamwambia aachie, tutamwita. Sheria ndiyo hiyo. Akakataa. Alianza kulia, kijana wa watu. "Dada, nikiachia siipati tena. Mgonjwa anakufa. Siachii."

Basi tukawa vile vile kama wiki yangu ya kwanza. Mtoto wa Mama Opereta ameshika wa kusini, anangoja wa kaskazini. Mganga ameshika wa kaskazini, anangoja wa kusini. Nikamgeukia mama, nikasema kwa midomo tu: nimkate mganga? Alitikisa kichwa. Sijui alifikiri nini wakati ule. Uso wake ulikuwa ule wa kila siku. Mwalimu yuko njiani anakimbia kuja posta, treni ipo stesheni, na kule kuna damu.

Akasogeza mdomo karibu na chombo na kusema kwa sauti yake ya kazini, "Achia laini, baba. Kuna mgonjwa. Nitakupigia hapo hapo."

"Mama, treni inaondoka. Basi mwambie—"

"Utamwambia mwenyewe," akasema Mama Opereta, na akachomoa kamba.

Alimuunga mganga na daktari. Waliongea kirefu, kwa sababu daktari alikuwa anaeleza hatua kwa hatua na mganga anarudia kwa mtu mwingine chumbani. Hatukujua kama yule mama alipona. Opereta hajui mwisho wa mambo. Walipomaliza, Mama Opereta aliita stesheni ya Mbeya, na mtu wa stesheni akasema askari wamekwisha kwenda. Kaskazini, mwalimu alikuwa amefika, yuko pembeni ya yule kijana, anahema. Mimi ndiye niliyemwambia. Mama Opereta alikuwa ameinama anakunja kamba ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Wengine walirudi kutoka vitani. Walipita mjini wakapigiwa ngoma. Mwanawe hakuwa katika waliorudi wala katika waliotajwa kuwa wamekufa. Hakuna aliyemwona akianguka, na hakuna aliyemwona akisimama. Kwa hiyo hapakuwa na matanga. Mtu huwezi kumlilia mtoto ambaye hujaambiwa kuwa amekufa.

Hakuacha kazi na hakubadili sheria. Ila nilianza kuona jambo. Jioni, kabla hatujakabidhi zamu, akishahakikisha benchi la nje halina mtu, alikuwa akipachika kamba kwenye tundu la kusini na kukaa. Hana mteja. Anasikiliza tu ule mlio wa waya mtupu, ule wa mbali, wa upepo kwenye nguzo. Wa Mbeya wakishtuka wanauliza, "Sumbawanga, unamtaka nani?"

"Simtaki mtu. Najaribu laini."

Yeye, aliyemkatia bwana wa wilayani kwa kukohoa. Nilijifanya natafuta viatu vyangu chini ya meza, na nilikuwa nalia huko huko chini.

Mkwe wake alimwuliza mara nyingi mumewe alisema nini siku ile. Mama Opereta alipostaafu na kurudi kijijini kwao, binti aliomba uhamisho, akaja kufundisha shule ya pale, wakakaa nyumba moja, wanangoja pamoja. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja. Opereta habebi ujumbe. Binti alikonda kwa jibu hilo. Aliniambia angependa hata tusi kuliko ule ukimya, kwa sababu alijua kuna neno lilianza kusemwa. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba alisema "mwambie", na hata hilo nililijutia, maana alilikalia miaka.

Nilikwenda kumwona Mama Opereta mara ya mwisho akiwa amestaafu. Mimi nilikuwa nimeolewa, naishi mbali, nimekuja kwa ndugu zangu Mazwi. Nilipanda lori la mjomba, likanishusha njia panda ya kijiji chao, nyumba zimepangwa mistari kama walivyoambiwa kuzipanga. Ulezi ulikuwa umeshavunwa. Nilimkuta uani anapepeta, mavumbi ya makapi yamemtia mvi juu ya mvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani ameshika laini?"

Tulicheka, tukakumbatiana. Alikuwa mwepesi mikononi mwangu, na hilo lilinitisha. Tulikula ugali wa ulezi na samaki mkavu wa Wampembe, kule ziwani, akanisema kwa kukonda, akanisema kwa kunenepa, akauliza kama pilau ya mama yangu imepata chumvi. Mkwe wake alituhudumia. Alikuwa bado kijana, lakini alikuwa na ile namna ya kutembea ya watu wanaosikiliza mlango. Nilikuwa nimesikia mjini kwamba mwalimu mwenzake, mwanamume mwenye heshima aliyefiwa na mkewe, alishatuma mshenga zaidi ya mara moja, na kwamba binti alikataa kila mara. Mumewe hajafa, alisema. Anangoja.

Nilipoaga, nilitegemea Mama Opereta anisindikize, kama desturi. Akasema miguu inamuuma. Nilimtazama, asubuhi ile ile alikuwa amesimama anapepeta. "Mkwe wangu atakusindikiza," akasema, akashika kizingiti.

Tulitembea mpaka karibu na njia panda. Kisha binti akasimama.

"Dada, wewe ulikuwepo siku ile."

"Nilikuwepo."

"Mama ameniambia. Juzi tu, tukiwa shambani, bila mimi kumwuliza. Amesema mume wangu alimwachia neno. Alisema, mwambie mwenzangu, nikichelewa asiningoje. Aachie. Anasema alinificha kwa sababu sheria za kazi zilimkataza. Nataka kujua. Kweli alisema hivyo?"

Nilisikia tena ile sauti ya mumewe, treni nyuma yake, na neno lake moja lililokatwa. Askari anayekwenda vitani, mwenye ndoa changa, hangesema asiningoje. Angesema aningoje. Na hilo neno la mwisho nilikuwa nimelisikia kila siku ya ujana wangu, kiwiko kwa kiwiko, nikajua limetoka kinywani mwa nani. Mtu ambaye hakukubali kubeba hata salamu ya wagonjwa alikuwa amekaa na jembe lake akatunga ujumbe mzima, na kwa kuutoa amemzika mwanawe bila matanga na kumfungulia mlango binti pekee aliyebaki naye nyumbani.

"Alisema," nikajibu. "Nilisikia kwa masikio yangu."

Akaniangalia sana. Machozi yalimtoka taratibu, hakuyafuta. Nilimshika mkono, tukakaa kwenye majani ya kando ya barabara mpaka lori likaonekana juu ya kilima linakuja. Kule nyuma, kwenye mstari wa nyumba, mtu alikuwa bado amesimama mlangoni, na kwa umbali ule sikuweza kuona uso wake.

"Nitaolewa," binti akasema. "Nitaachia, kama alivyosema." Akajifunga khanga upya, akasimama. "Lakini yeye mama, nani atamwambia aachie?"

Lori likasimama mbele yetu. Nilipanda, nikakaa juu ya magunia, nikamtazama binti akirudi kwenye ule mstari wa nyumba.